Mshale wa Kushoto

Kamera ina macho mawili, moja usoni, moja kisogoni,
huwezi kusimama nyuma yake.
Kwa hiyo kila nilipoitega barabarani, Chunya,
nilikimbia kujificha: nyuma ya pipa, ndani ya ghala la tumbaku,
siku moja chooni kwa watu, baada ya kupiga hodi,
nikihesabu hadi kumi huku mji ukijipiga picha wenyewe.

Afisa alikuwa amenipa karatasi ya vituo kumi na viwili.
Boma. Benki isiyo na fedha. Duka la nguzo sita
ambalo mwenye ufunguo wake alihamia Kahama.
"Watu waondoe," alisema Bwana Simfukwe,
"na nyaya, na lile dishi la king'amuzi.
Mgeni anataka mji wa dhahabu, hataki kamba ya kuanikia."

Nikaondoa.
Usiku, Mbeya, baridi ya Juni ikinikaza vidole,
niliunga picha na picha kama fundi wa mashuka,
nikafuta bodaboda, nikafuta mbuzi,
nikafuta khanga tatu na suruali ya shule.
Muuza mihogo alinishinda.
Alikuwa ametembea kati ya picha ya pili na ya tatu,
akatokea mara mbili:
mmoja anapuliza moto, mwingine ananyoosha mgongo,
mapacha wametazamana kwenye kona ya benki.
Nilipomfuta wa kwanza, moshi ukabaki.
Nikauacha. Ukuta wa zamani haukosi moshi.

Kitendawili.
Tega.
Nyumba yangu ina milango kumi na miwili, haina kizingiti.
Umeshindwa? Nipe mji.
Ukanipa Chunya. Nikaenda Chunya,
nikala vumbi lake, nikanywa soda ya moto,
nikarudi nao ndani ya kadi ndogo kama ukucha wa mtoto.
Jibu ndilo hilo: bonyeza mshale, ingia.

Wa kwanza kuingia ni mama.
Tupokigwe binti Mwaisumo, goti la kulia halikunji,
alizaliwa kule, akaondoka na miaka tisa
juu ya lori la magunia.
Nilimvika ile miwani nyeusi juu ya kilemba.
Akakaa kwenye stuli ya jikoni, mikono imeshika mapaja,
akageuza kichwa polepole, kama anayepima uzito wake.
Hakuuliza dhahabu.
Hakuliangalia Boma, wala nguzo nilizozisafisha siku mbili.
"Mbona kumenyamaza hivi? Wamehama?"
Nikanyamaza na mimi.
Kisha: "Hapa kwenye benki. Nipeleke kushoto."
"Kushoto hakuna, mama."
"Kupo. Kuna kichochoro, kuna ukuta wa udongo,
tulikuwa tunaukwangua kwa kijiko, tunapeta kwenye kifuniko cha mkebe.
Ambakisye alipata punje moja, akaimeza asinyang'anywe.
Twende."
"Sikupiga picha huko. Hakuna mshale."
Akanyoosha mkono hewani, akabonyeza,
akabonyeza tena,
kidole kikigonga kabati la vyombo.

Alhamisi nilipanda gari la kwanza kurudi.
Kichochoro kipo, kimebaki upana wa mtu na ndoo.
Ukuta umelika kwenye kimo cha mtoto,
mstari mrefu, kama muhindi uliotafunwa upande mmoja.
Muuza mihogo akaniuliza nimesahau nini.
Nikamwomba asimame pale, akipenda.
"Na nikitembea?"
"Tembea."

Kwenye kisanduku cha maelezo,
mahali pa mwaka na jina la mjenzi,
nimeandika: Punje moja. Ilimezwa.
Bwana Simfukwe ametuma ujumbe,
anauliza kituo cha kumi na tatu kimetoka wapi,
na yule mwanamke, mbona wako wawili.